Nukta za Somoe

Kasha nimelifungua kwa bisibisi, ufunguo ulipotea zamani.
Wa kwanza kutoka ni mende, kisha harufu ya kafuri,
kisha Bwana Lali wa Shekuwe, babu wa babu zetu,
mtetezi wa haki za watu hapa Lamu
kwa ujira wa vitambaa na samli,
mwenye kiti Yumbe, upande wa dirisha
(alikichagua makusudi, ili akichoshwa na maneno ya wenzake
apate angalau kutazama mbuzi wakipita).

Tulilelewa na sifa zake kama wengine walivyolelewa na uji.
Asubuhi aliwatetea Zena kuhusu kisima cha Langoni.
Alasiri wakaja Suudi na kisima kilekile,
naye akauliza tu: mmekuja na nini?

Na siku Wapate walipomtuma mtu kudai ushuru wa mashamba ya bara,
alisimama kutwa nzima juu ya neno moja.
Hati yasema, *mpaka mkwaju*.
Je, ni mpaka wa ardhi, unaokomea pale mti uliposimama,
au ni mpaka wa muda, hadi mkwaju uive?
Mjumbe alirudi Pate na maumivu ya kichwa, bila ushuru.

Nyumbani hakushinda hivyo.
Shee alikwenda Barawa, akaandika mara moja, kuomba fedha.
Madi alihamia kwa Suudi wiki ile ile baba alipopewa usemaji wa Zena,
wakawa wanapishana bila salamu
katika vichochoro hivi vyetu
ambamo watu wawili hawapishani bila kugusana mabega.
Kombo alikufa kwa ndui, ana miaka tisa.
Siku ya maziko yake baba aliandika hati ya ng'ombe wawili;
ninayo hapa, wino umetiririka mahali pamoja.
Sisemi ni chozi. Huenda ni maji ya kunywa.

Kisha, mwaka wa elfu na mia na kumi na tatu,
mkono unabadilika.
Nukta za Bwana Lali zilirushwa ovyo, kama afukuzaye nzi.
Hizi ni za duara, zimetuama chini ya herufi
kama mbegu chini ya bakuli.
Nimehesabu hati sitini na mbili. Muhuri ni wake.
Mashangazi walisema aliishia kutetemeka,
hata kikombe cha kahawa alinyweshwa,
ila aliyemnywesha hawakumtaja.
Nasaba ukutani inasema: Lali kazaa Shee, Madi na Kombo, *na mabinti*.

Nikaigeuza ile ya mwisho. Nyuma, pembeni, kwa nukta zilezile:

*Wino nalisaga wangu,*
*kwa sizi la chungu changu,*
*muhuri si jina langu,*
*na wenye mato wasome.*

Mganga hajigangi.
Aliyeandika wasia wa mji mzima alikufa akiwa na mstari mmoja:
*nyumba yangu ni ya wanangu mpaka Somoe.*
Shee akarudi na Barawa yake, Madi na hasira zake,
wakabishana miaka kumi na mmoja.
Mpaka, yaani hata Somoe naye yumo?
Mpaka, yaani hadi Somoe aolewe, afe, anyamaze?
Kadhi wawili walikufa kesi ikiendelea.
Mwenyewe alikuwa ndani, anapika, anaosha zidaka,
wala hakuna aliyeingia kumuuliza.
Wakachoka. Yeye hakutoka.
Sisi tuliomo humu ni wa tumbo lake.

Nalishika neno lile kwenye mwanga wa dirisha.
Baba alilisema hivyo, au binti alilitia?
Nukta ni za duara. Zimetulia. Hazina haraka.

Kesho ndugu yangu anakuja na mnunuzi, mtu wa hoteli.
Ameniomba nimtafutie hati ya nyumba.
Nimemwambia kasha halifunguki.